Kemia imenifungia mlango wa udaktari, na wakala anasema ana ufunguo

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29. Huu ni mwaka wa saba niko wodini, karibu yote nimeimalizia wodi ya watoto. Safu yako huwa naisoma nikiwa zamu ya usiku, wodi ikitulia. Leo zamu imenifikia mwenyewe.

Tangu utotoni nilitaka udaktari. Mama alianza kuniita "dokta" nikiwa darasa la nne na hajaacha mpaka leo, hata mbele ya wageni, na mimi hujifanya sijasikia. Matokeo ya sekondari yalipotoka nilikuwa na Biolojia B, Fizikia C, Kemia E. Vyuo vyote nilivyovitazama vilitaka angalau C katika masomo yote matatu. Nikaenda kusoma stashahada ya uuguzi. Nilikwenda nalia, nisikufiche, lakini kazi nikaja kuipenda.

Mwaka jana yalitokea mambo mawili. La kwanza, usiku mmoja aliletwa mtoto wa kilo 10, ana degedege, macho yamegeuka. Nikampima sukari, imeshuka vibaya. Glukosi ya asilimia 10 iliyo tayari ilikuwa imekwisha. Wakati mwenzangu anampigia simu daktari wa zamu, nikavuta mililita 10 za glukosi ya asilimia 50, nikazichanganya na mililita 40 za maji ya sindano, nikampa kwenye mshipa polepole, kama mwongozo wa dharura wa wodi yetu unavyoruhusu. Daktari alipofika, mtoto alikuwa analia anamtaka mama yake. Kila mtu akafurahi. Mimi nikabaki na swali: mama yake anasema alikula vizuri jioni ile, sasa sukari ilishukaje? Zamu iliisha, nikaenda nyumbani, usingizi ukakataa. Mchana nikarudi kulitafuta faili lake.

La pili lilitokea baada ya wiki mbili. Nilimwambia daktari mmoja kijana kwamba mtoto wa kitanda cha pembeni kupumua kwake kumebadilika. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sista, wewe shughulika na dripu." Asubuhi daktari mwingine akapita, akaona kile nilichokiona, mtoto akahamishiwa chumba cha uangalizi. Alipona, namshukuru Mungu. Asubuhi ile nilifika nyumbani, sikuvua hata sare, nikafungua simu kutafuta sifa za kujiunga na udaktari. Hakuna kilichobadilika. "Kemia: C au zaidi." Niliusoma mstari ule mpaka chaji ikaisha.

Sasa niko njia panda yenye njia tatu. Kaka yangu amepata wakala wa chuo kimoja cha nje. Anasema kule hawaulizi Kemia, wanataka pasipoti, picha na malipo ya awali kabla mwezi haujaisha. Nilipomuuliza kuhusu cheti changu, akanijibu, "Hilo tuachie sisi, tutaliweka sawa." Mama yuko tayari kutoa mafao yake ya kustaafu. Kaka anasema nikichelewa nafasi itakwenda kwa wengine.

Matroni wetu ananishauri nichukue shahada ya uuguzi, kazini kuna ufadhili, kisha nikiwa mhitimu niombe udaktari kama bado nautaka. Naona ni kuzunguka mlima.

Njia ya tatu ni kurudia mtihani wa Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kitabu nimeshanunua. Nilikifungua, nikakutana na moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe za kikemia, nikakifunga. Ile E haikuwa bahati mbaya, Mama. Kemia siiwezi. Na umri nao unakwenda.

Nishike njia ipi? Na mtu mwenye E ya Kemia ana haki ya kuutaka udaktari kweli?

Wako,
Nesi wa zamu ya usiku

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kwa nilivyokuelewa, unaulizia njia tatu: wakala, matroni, au kitabu cha Kemia. Lakini chini ya hizo tatu nimeona swali la nne ambalo hukuliuliza, nalo ni lile la dripu. Nitalifikia. Kwanza nataka tukae kidogo na zile mililita 10.

Mililita 10 za glukosi ya asilimia 50 zina gramu 5 za glukosi. Ulipoongeza maji mpaka zikawa mililita 50, gramu zilibaki 5 zilezile, ila sasa zimo katika mililita 50, ndiyo asilimia 10. Hesabu hiyo uliifanya usiku, mtoto anatetemeka mbele yako, na hukuikosea. Katika kitabu ulichokifunga inaitwa kuzimua myeyusho, na inakaa jirani kabisa na ile moli iliyokukimbiza. Sisemi kwamba anayejua kuzimua glukosi anaijua Kemia yote. Kemia ya kaboni ni nchi nyingine, wodini hukutani nayo kwa sura ile, na utaisoma ukitoka jasho. Ninachouliza ni hili: nani aliyekwambia huiwezi? Hukunieleza ile E ilikujaje. Mlikuwa na mwalimu wa Kemia muda wote? Mliwahi kushika bureti, ile mirija ya kupimia maabara, au mlichorewa ubaoni? Uliwahi kuielewa ikakuponyoka, au hukuielewa tangu siku ya kwanza? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko herufi yenyewe, maana E ya mtu aliyekosa mwalimu na E ya mtu aliyefundishwa vizuri akashindwa hazitibiwi kwa dawa moja.

Unauliza kama una haki. Mstari ule wa "C au zaidi" uliokumalizia chaji ya simu haukuandikwa kwa ajili ya kupima haki ya mtu. Una historia, na historia yake ina pande mbili. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani ambaye mwenyewe hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Alikuta vingi vinampokea yeyote mwenye ada, awe amesoma sayansi au hajasoma, na wahitimu wake wanakwenda kutibu watu. Alitaka mwanafunzi aingie akiwa tayari ana msingi wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Masharti yakakazwa, vyuo vibovu vikafungwa, wagonjwa wakanufaika. Lakini wimbi lilelile lilichangia kufunga vyuo vitano kati ya saba vilivyokuwa vinafundisha madaktari weusi Marekani, na vijana wengi wenye uwezo wakabaki nje. Kwa hiyo kigezo kinaweza kumlinda mgonjwa na papo hapo kikamwacha nje mtu aliyestahili. Wewe huenda ni mmoja wa hao. Huenda pia si mmoja wao. Kutoka hapa nilipo siwezi kujua.

Halafu, masharti hayafanani kila mahali. Marekani mtu humaliza kwanza shahada ya kwanza, kisha hufanya mtihani wa kuingia udaktari uitwao MCAT, na Kemia imo. Uingereza wengi huingia moja kwa moja kutoka sekondari, vyuo vingi vinataka Kemia, lakini mtihani wao wa kuingia, UCAT, unapima namna ya kufikiri na kuamua, hauna swali la Kemia. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada hakina orodha ya masomo ya lazima kwa waombaji wa udaktari, na hakuna anayesema kinatoa madaktari wa ovyo. Ndiyo maana nilipoona umeandika "vyuo vyote nilivyovitazama" niliweka alama ya kuuliza pembeni. Ulivitazama vingapi? Na ulivitazama kwa jicho la mtoto wa sekondari, au la muuguzi wa miaka saba mwenye stashahada? Sifa za mwombaji anayetoka shuleni na za mwombaji mwenye stashahada ya afya mara nyingi huandikwa kurasa tofauti, na wengi huishia ukurasa wa kwanza.

Hapo kuna mtego mwingine, na lazima niuseme kabla hujarudi kwenye kitabu. Sifa za chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni. Ukipata hiyo C, utakuwa na haki ya kuomba, lakini chuo kinachotaka C huenda mwaka jana kilijaza nafasi zake kwa wenye A na B. Kwa hiyo usiiulize ofisi ya udahili sifa ni zipi tu, hizo umeshazisoma. Waulize waliochaguliwa mwaka jana walikuwa na alama gani. Waulize kama wanakubali matokeo ya mitihani miwili ya miaka tofauti, kwa sababu viko vyuo vinavyotaka masomo yote yawe ya kikao kimoja, na hapo ukirudia Kemia peke yake utakuwa umepoteza mwaka. Waulize kama stashahada yako inahesabika na kwa ufaulu gani. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Majibu ya simu hayana shahidi.

Sasa tuje kwa wakala. Sitasema vyuo vya nje ni vibaya. Wapo madaktari wazuri sana waliosoma mbali na kwao, wakajifunza lugha ya wagonjwa wa kule na kurudi na shahada safi. Lakini neno "hawaulizi Kemia" linanikumbusha vile vyuo alivyovikuta Flexner. Na hata kama chuo hakiulizi, yupo atakayeuliza. Siku utakayorudi kuomba leseni, baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi ndilo litakaloamua kama shahada yako inatambulika, na mabaraza mengine hurudi nyuma mpaka kwenye cheti cha sekondari. India, kwa mfano, tangu 2018 inamtaka kijana anayekwenda kusomea udaktari nje awe amefaulu kwanza mtihani wao wa kuingia udaktari, NEET, vinginevyo akirudi hawezi kupata leseni. Kabla ya kutoa hata senti moja, tafuta jina la chuo hicho katika World Directory of Medical Schools, ambayo ni orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia. Kumbuka, jina kuwemo humo si muhuri wa ubora, ila lisipokuwemo, simama. Kisha liandikie baraza la kwenu, wataje chuo, wataje na ile E yako bila kuificha, uone watakujibu nini.

Na lile neno "tutaliweka sawa". Mwanangu, niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Cheti chako kina kosa gani la kuwekwa sawa? Kina E, na E ni kweli. Ikiwa wanachokusudia ni kuibadilisha ile herufi, hapo hatuzungumzii tena sifa za kujiunga, tunazungumzia kughushi, na leseni ya uuguzi uliyoihangaikia inaweza kwenda nayo. Labda ninamdhania vibaya, labda alimaanisha tafsiri na mihuri tu. Mwombe aandike: "tutaliweka sawa" maana yake nini hasa. Halafu tazama kama ataandika.

Kaka yako sina ugomvi naye. Anakuona unaumia na ameleta alichokipata. Ila haraka ile inanitia shaka, maana masomo ya miaka mitano au sita hayawezi kuharibika kwa sababu umechukua wiki tatu kuuliza maswali. Na mama? Umesema yuko tayari kutoa mafao. Hukusema kama mmekaa naye mkahesabu, ada ya mwaka wa kwanza na ya ule wa mwisho, na yeye ataishi kwa nini katikati hapo. Mzazi akiitikia kwa furaha ya kumwona "dokta" wake, si lazima awe amepiga hesabu. Huenda ukikaa naye atasema bado anataka. Basi atakuwa amesema akijua.

Njia ya matroni umeipita haraka, kwa sentensi mbili. Naielewa sababu: haina msisimko, na imeletwa na mtu anayekupangia zamu. Lakini ni njia pekee kati ya tatu ambayo mwajiri wako anailipia. Viko vyuo, hasa Uingereza, Ireland na Australia, vinavyopokea wahitimu wa fani nyingine katika udaktari wa miaka minne, na vingine vinamkubali aliyesoma uuguzi. Hatari yake nayo ipo. Baadhi yao bado watakudai Kemia, na mtihani wa GAMSAT unaotumiwa na vyuo kadhaa vya wahitimu una sehemu nzima ya sayansi, Kemia ikiwemo. Unaweza kuzunguka mlima wote ukaikuta moli imekaa upande wa pili inakungoja. Na ukimaliza shahada usichaguliwe, je, utaiona ile shahada ni mali au ni mzigo? Lijibu hilo kabla ya kusaini ufadhili, kwa sababu ufadhili wa kazini mara nyingi huja na miaka ya kutumikia. Na uuguzi wenyewe si chumba kimoja. Uingereza, kwa mfano, tangu 2006 wauguzi waliosomea uandishi wa dawa wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa karibu dawa zote. Sikwambii utosheke na hilo. Nakuuliza tu kama umewahi kutazama uuguzi ukiupanda unafika wapi, au umekuwa ukiutazama kama mahali ulipoangukia.

Tuje kwenye dripu.

Kama yule kijana angeinua kichwa usiku ule, akasema, "Asante sista, twende tukamwone," ungefungua simu asubuhi ile? Sikuulizi kukusuta. Hasira imewapeleka wengi shule na wengine wakafika. Ila hasira huisha, na nadhani huisha katikati ya mwaka wa pili, mtu akiwa na majina ya mishipa mia kadhaa ya kukariri na wenzake wodini wanapokea mshahara. Tena udaktari hauponyi dharau. Mtarajali, yaani daktari aliyetoka chuo akiwa bado mafunzoni, naye hunyamazishwa na bingwa mbele ya wagonjwa, na bingwa ana wakubwa zake. Alichokosea yule kijana ni kutokusikiliza. Ukiwa daktari hutamfanya yeye asikilize. Utaweza kuwa wewe unayesikiliza, na hilo ni jambo jingine kabisa, huenda ni kubwa zaidi.

Nalisema hili pia kwa sababu ya usaili. Vyuo vingi siku hizi haviishii kwenye cheti. Pale McMaster, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walianzisha usaili wa vituo vingi vifupi: unaingia kwa huyu dakika chache, unatoka, unaingia kwa mwingine, kila mmoja na swali lake. Namna hiyo imesambaa nchi nyingi. Wewe, popote utakapokwenda, yupo atakayekuuliza: kwa nini usibaki muuguzi? Jibu likianza na yule daktari kijana, watasikia malalamiko, hata kama unasema kweli. Lakini jibu jingine umeliandika mwenyewe bila kujua. Ulimwokoa mtoto, wote wakafurahi, wewe ukakosa usingizi kwa sababu hujui sukari ilishukaje. Mchana ukarudi, si zamu yako, kulitafuta faili. Hapo hapakuwa na aliyekudharau wala aliyekuita dokta.

Kuhusu umri nitasema kidogo. Mwaka wa Kemia, miaka mitano au sita ya chuo, kisha utarajali: utakuwa na miaka 36 au 37. Chunguza kama vyuo unavyovitaka vina kikomo cha umri, kwa sababu vipo vyenye nacho na wengine hukigundua wamechelewa. Ila linalonishughulisha zaidi ni miaka hiyo utaijaza nini kingine. Hukutaja mwenza, watoto, wala afya ya mama. Labda hawapo au hakuna shida, labda umewaacha nje ya barua makusudi.

Kama ningekuwa jirani yako ningekuomba jambo dogo tu kwa sasa. Fungua kile kitabu, si kwenye moli, fungua kwenye kuzimua. Chukua hesabu za dripu na dozi unazozifanya kila siku, uziandike kwa lugha ya kitabu, ukurasa mmoja kila ukiwa mapumziko, kwa miezi miwili. Barua za maswali kwa vyuo na kwa baraza ziende wakati huohuo. Miezi miwili haitakwambia uwe daktari au usiwe. Itakwambia kama "siiwezi" ni kweli ya leo au ni ya yule binti wa sekondari, na njia ya matroni na ya kitabu zote bado zitakuwa wazi. Ya wakala sijui. Hiyo ndiyo pekee yenye tarehe.

Ukiniandikia tena, nieleze na hili, maana umeniacha hewani: ulipolipata faili la yule mtoto wa kilo 10, ulikuta nini?